Kiranja Akizimwa

4 Februari

Kwa mwanangu Hadubini,

“Saratani ya utumbo mpana ina mabwana wachache na watumwa wengi. Sisi tumeipata jeni inayowapa mabwana hao ubwana wao. Ukiwaua hao, uvimbe wote umekwisha.”

Hayo si maneno yangu. Ni ya bosi wako, mkuu wa maabara, katika gazeti la Jumapili, chini ya picha yake amekunja mikono kama kocha aliyebeba kombe. Nitamrudia. Kwanza salamu, usije ukasema shangazi yako amekosa adabu uzeeni.

Hatujambo. Mama yako hajambo, bado anashona, bado anagombana na cherehani kana kwamba linamsikia. Dada yako amehamia ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Nilikwenda kumtazama nikafika mlangoni sina pumzi, naye badala ya kunipa kiti akanicheka: “Shangazi, unahema kama pampu ya baiskeli!” Nikamwambia angoje afike umri wangu. Anakusalimu.

Sasa tuje kwa bwana wa mikono iliyokunjwa. Anadhani uvimbe ni serikali ya mtu mmoja. Mimi nusu ya umri wangu nimeandika safu ya gazeti nikiwachapa watu wanaoamini kwamba ukimng’oa mwenyekiti umekiondoa chama. Kesho yake karani anakikalia kile kiti, anajinyoosha, anaona kinamtosha. Keshokutwa anadai heshima. Nionyesheni saratani iliyo mjinga kuliko chama cha siasa, nami nitanyamaza. Bosi wako ameona wapi kwamba hao “watumwa” hawawezi kupanda cheo? Amewauliza? Au aliwahesabu wakiwa wameinama tu?

Nawe pia nina neno nawe. Daktari aliyemtibu kaka yangu, yaani baba yako, alisimama kwenye korido ya wodi akatuambia sote tulio wa damu yake: mkapimwe utumbo kwa kamera, msingoje dalili. Ulikuwapo, umeegemea ukuta. Umekwenda?

Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unasema “ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi”, halafu unafanya lako. Andika, ili niweze kukurudishia maneno yako.

Shangazi yako


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, baridi tu inatutesa. Chumba changu kina dirisha lisilofunga sawasawa, nimelisokomezea soksi. Mwambie mama soksi zile alizonishonea zinafanya kazi kubwa kuliko alivyokusudia. Mwambie dada ngazi ni mazoezi.

Bosi ameisoma barua yako. Samahani, niliiacha mezani. Alicheka, akauliza kama safu yako ina nafasi ya kuomba radhi.

Nikueleze, kisha unichape. Ukuta wa utumbo una vishimo vidogo mno visivyohesabika. Chini kabisa ya kila kishimo zinakaa seli chache tunazoziita seli shina. Hizo ndizo zinazozaa. Watoto wao wanapanda juu, wanafanya kazi kidogo, wanakufa, wanatoka na uchafu. Ndivyo utumbo unavyojishona upya wakati wote. Saratani imeuiba mpango huohuo: ndani ya uvimbe, seli nyingi zinafanya fujo lakini hazina uzazi mrefu. Chache ndizo zinazouzaa uvimbe upya, na hizo ndizo zinazoachwa hai na dawa za kawaida.

Wapasuaji wanatutumia vipande vya uvimbe. Tunavikuza ndani ya jeli, kwenye kabati la joto, mpaka viwe vitufe vidogo kuliko kichwa cha pini. Halafu tunazima jeni mojamoja, kama mtu aliye gizani akipapasa swichi za nyumba ya watu. Nyingi ukizizima hakuna kinachotokea. Moja tuliipa jina la Kiranja, kwa sababu ndiyo inayoziamuru seli shina zibaki kuwa seli shina. Shangazi, ukimzima Kiranja, vitufe vinanywea kama puto la juzi. Niliita watu waje waone. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hajawahi kusifu kitu, alitazama akasema, “Hee.” Kwake hiyo ni hotuba.

Tumepanga kupeleka makala kwenye jarida la kisayansi katikati ya mwaka. Jina langu litakuwa la kwanza. Kuna kampuni tayari inabisha hodi kuhusu dawa.

Najua utasema tunajisifu mapema. Lakini laiti ungeviona.

Nakuachia hapo, kabati linanililia.

Mwanao, Hadubini


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako hajambo. Mvua inanyesha.

Nimefikiri. Bosi wako yuko sahihi, mimi nilikosea. Mfano wangu wa chama ulikuwa wa kijinga. Seli si watu, hazigombei vyeo. Ukikata kichwa, kiwiliwili kinaanguka. Mwambie nimesema hivyo.

Sasa nijibu haya, na uyajibu kwa lugha ya watu. Dawa ya kumzima Kiranja itakuwa kidonge au sindano? Mtu akiipata, bado atahitaji kupasuliwa? Na hao wa kwanza watakaojaribiwa, wanachaguliwaje? Ni lazima wawe wamepitishwa kwenye ile kamera kwanza, au inatosha mtu kujijua?

Namwulizia rafiki wa hapa mtaani. Mwanamke wa makamo, kichwa kigumu, humjui.

Safu yangu nimeisimamisha kwa muda. Nimechoka kidogo. Mhariri amefurahi kuliko inavyostahili.

Shangazi


8 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

Tangu nipate akili sijakusikia ukisema umekosea. Ulikwenda shuleni kubishana na mwalimu wa hesabu juu ya alama zangu, na alama zilikuwa sahihi. Ulibishana na baba akiwa wodini ana mipira puani, mpaka muuguzi akakutoa nje kwa bega, na baba akacheka hadi mashine yake ikaanza kulia. Mwanamke huyo leo ananiandikia “mimi nilikosea”, bila hata tusi moja? Ungenitumia picha ya damu nisingeshtuka hivi.

Huyo rafiki wa mtaani ni wewe.

Nimempigia dada. Ameniambia mara ya pili ulipokwenda kwake ulikaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, ukamwambia unarekebisha kiatu. Shangazi, mtu anayevuja damu tumboni kidogo kidogo huanza kwa kuhema hivyo, kwa sababu damu inapungua bila yeye kujua. Nakuuliza kama mwanao: unaona damu chooni? Tangu lini?

Kuhusu dawa, si jambo la leo wala kesho, na hakuna atakayejaribiwa bila kupimwa. Huku tunaendelea. Vitufe vingi vimenywea vizuri. Vichache vinatusumbua, si jambo la kukuandikia.

Nijibu upesi. Na uniruhusu kukupigia.

Hadubini


3 Mei

Wewe,

Marahaba, na tusipoteze wino kwa salamu. Mama yako hajambo, hajui, na ole wako umwambie.

Nimekaa na barua yako muda wote huu kwa sababu kila nikiishika kalamu ilitaka kukutukana. Niliuliza maswali matatu, hukujibu hata moja kikamilifu, badala yake umemtumia dada yako kunipeleleza kwenye ngazi. Haya. Ndiyo, naona damu. Tangu kabla ya mwaka kugeuka. Mwanzoni nilisema ni bawasiri, kama kila mtu anavyosema. Januari nilikwenda zahanati, daktari kijana akanibonyeza tumbo, akataka kuniandikia kamera. Nikamwambia nitarudi. Sasa unajua. Umefurahi?

Usinihubirie. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kaka yangu pembeni mwa ule mfuko wa choo waliomtundika tumboni. Wewe ulikuwa masomoni, na sikulaumu, ulitakiwa kuwa masomoni. Lakini hukusikia ile sauti aliyoitoa aliponiomba nigeuze uso. Mtu aliyekuwa akisimamia ujenzi wa madaraja anamwomba dada yake mdogo ageuze uso. Wakamkata, akarudi nusu. Wakamkata tena, akarudi robo. Na bado ugonjwa ulirejea, kwenye ini safari hii, na daktari akasema “tumejitahidi”.

Halafu mwanawe, mtoto wa mtu yuleyule, ananiandikia kwamba ipo swichi. Kwamba vitu hivyo vinanywea kama puto. Kwa nini nikatwe kwa kisu kilichomshinda kaka yangu, na swichi ipo? Nitangoja. Watu wa kampuni si wanabisha hodi? Wafungulieni. Mimi nitakuwa kwenye foleni, mbele, nimebeba kiti changu mwenyewe.

Na usidhani sioni. Februari nilikuuliza kitu. Umeniandikia barua mbili ndefu na kitu hicho umekiruka kama dimbwi.

Shangazi yako


12 Mei

Shikamoo Shangazi,

Huku salama. Soksi imeanguka dirishani, nimeirudisha. Sina habari nyingine ya familia, familia ni wewe.

Usiningoje.

Nimeandika hivyo peke yake kwenye mstari ili usiweze kusema hukuona.

Vile vitufe “vichache” nilivyokuambia havisumbui tena kwa uchache. Februari tulirudia jaribio. Wiki nne baada ya kumzima Kiranja vyote vilikuwa vimenywea, kama vile vya kwanza ambavyo picha zake bosi alimpa yule wa gazeti. Sahani zile tulipaswa kuzitupa. Mimi nikaziacha kwenye kabati, uvivu tu, sikuwa na nia ya maana. Wiki ya sita nikaona vidoa. Nikadhani nimechanganya sahani, nikamlaumu mwenzangu wa meza ya pili mbele za watu. Akanitazama akasema, “Soma lebo, bwana mkubwa.” Nikasoma. Zilikuwa zenyewe. Wiki ya saba vitufe vilikuwa vikubwa kuliko vilivyokuwa kabla hatujavigusa.

Nikapima. Nilidhani Kiranja amewashwa tena. Hapana, amezimwa, kimya kabisa. Ila seli za kawaida, zile bosi anazoziita watumwa, zimeshuka tena chini na kuwa seli shina kwa njia nyingine, kwa kutumia jeni tusizozitazama hata kidogo. Karani amekikalia kiti, Shangazi. Ulisema Februari, bila hadubini, ukiwa na hasira tu. Sijawahi kuumia hivi kwa kukuta uko sahihi.

Nilijua tangu mwanzoni mwa Aprili. Nilipokuandikia “si jambo la kukuandikia”, sahani zilikuwa mbele yangu. Sikujua kama kuna mtu anaziegemea. Sasa najua.

Bosi anasema makala itakwenda na picha za wiki nne. “Wiki ya saba ni makala nyingine,” anasema, na anasema kwa upole, kama mtu anayegawa keki. Bado sijamjibu.

Baba alikwenda hospitali amechelewa, hata yeye alijua. Kile kisu unachokiita cha zamani, uvimbe ukiwa bado haujatoka nje ya ukuta wa utumbo, huutoa wote, na mara nyingi haurudi. Swichi yangu haijafanya hivyo kwa mtu yeyote, mahali popote. Haijafanya hivyo hata kwenye sahani. Nenda kwenye kamera. Nenda wiki hii. Nitukane ukirudi.

Mwanao


21 Juni

Shikamoo Shangazi,

Hujajibu. Simu yako inaita mpaka inakata. Dada anasema mlango wako una kufuli. Mama anasema uko salama na hataki kuendelea. Mama hajui kudanganya, anajua kunyamaza tu, na kunyamaza huku hakunipendezi.

Sijui kama barua hii inakwenda kwa mtu aliyekasirika au aliyelazwa.

Jana bosi aliniwekea karatasi mbele nikubali makala iende. Nikamwambia jina langu lisiende bila wiki ya saba. Hakupandisha sauti. Alisema, “Unajua kuna watu wangapi wangependa kiti chako?” Nikajikuta nacheka, nikakumbuka kiti cha karani. Hakuelewa ninachocheka. Asubuhi hii nimekuta meza yangu imehamishiwa karibu na masinki, na kabati langu lina kufuli jipya. Mwenzangu wa meza ya pili amepita, hakusema neno, akaniwekea ufunguo wa akiba mfukoni.

Makala inapelekwa mwishoni mwa Julai, ikiwa na jina langu au bila jina langu.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata tusi.

Hadubini


15 Julai

Kwa mwanangu Hadubini,

Marahaba mara zote ulizosalimia hewa. Mama yako hajambo, yuko hapa kando ya kitanda, amelala kwenye kiti mdomo wazi, ukimwambia nimesema atakana. Ndiye aliyenileta. Siku barua yako ya Mei ilipofika niliisoma mara mbili, nikaichana, nikaiunganisha tena kwa gundi, kisha nikaenda kumgongea. Nilimfundisha kunyamaza mimi mwenyewe. Usimgombeze.

Walinipitisha kwenye kamera. Upande wa kushoto, pale utumbo unapopinda, kulikuwa na kitu nilichokiona mwenyewe kwenye skrini, kwa sababu nilikataa kufumba macho. Kinafanana na koliflawa lililokasirika. Wamekata, wameunganisha, hakuna mfuko. Nilimwambia mpasuaji kabla ya dawa ya usingizi kwamba nikiamka na mfuko nitaandika habari zake ukurasa wa mbele. Akasema, “Mama, kwanza amka.” Nimempenda.

Lakini kuna tezi mbili kati ya walizozitoa ambazo zilikwisha kuguswa na saratani. Nitawekewa dripu za dawa, nywele zangu huenda zikabaki, huenda zisibaki, hakuna anayeahidi zaidi ya hapo. Nilimuuliza mpasuaji ingekuwaje kama ningerudi zahanati Januari ile. Akanirekebishia shuka.

Kwa hiyo nimeshinda ubishi. Karani alikikalia kiti, nilisema, nanyi mmethibitisha. Ningetoa ushindi huo bure kwa yeyote aje auchukue hapa kitandani. Nilitaka kushindwa, mwanangu. Mara moja tu katika maisha yangu nilitaka bwana wa mikono iliyokunjwa awe sahihi na mimi niwe mjinga, na nikayaegemea maneno yake tangu Machi hadi Mei huku navuja damu. Mimi, niliyesoma rafu nzima za vitabu na kuwacheka watu wanaoamini wanachokipenda! Basi fikirieni walioona picha ileile ya gazeti na hawana mpwa kwenye maabara wa kuwaandikia “usiningoje”. Wangapi wameweka barua ya daktari kwenye droo kwa sababu swichi imepatikana?

Sehemu inayofuata isome kwa sauti, ukisimama hapo masinkini, wote wasikie.

Kwako wewe mkuu wa maabara. Unasema wiki ya saba ni makala nyingine. Ningekubali kama ugonjwa nao ungekubali kuishia wiki ya nne. Kusema kweli, kumpata Kiranja ni kazi kubwa, na sikudharau kwa hilo. Kujua kwamba akizimwa wengine wanapanda ni kazi kubwa zaidi, maana hapo ndipo mtu mwenye akili anaanza kutafuta njia zote wanazopandia na kuziziba pamoja. Umekaa juu ya jambo la maana kuliko lile ulilotangaza, na unalificha kwa sababu linaharibu picha. Juzi wauguzi waliniuliza kama kipande cha uvimbe wangu kinaweza kwenda kwa watafiti. Nikakubali. Kwa hiyo huenda sasa hivi nimo kwenye moja ya sahani zako, bila jina, nimepewa namba, nanywea vizuri kwa ajili ya kamera yako. Peleka picha za wiki ya saba. Zipeleke katika makala hiyohiyo, na jina la mpwa wangu mahali lilipokuwa. La sivyo, safu yangu inarudi mwezi ujao, nami nina muda mwingi wa kuandika nikiwa nimefungwa kwenye dripu.

Kwako wewe wa meza ya pili, usiyesema. Ufunguo ni mwanzo. Sema.

Na kwako, Hadubini. Umekataa kuuza jina lako, baba yako angekununulia suti. Umeniandikia barua nne, umenipeleleza kwenye ngazi, umenitoa nyumbani kwa neno moja. Unatazama matumbo ya watu asubuhi hadi jioni, unajua vishimo vyake kuliko unavyojua mtaa unaokaa. Na swali nililokuuliza tarehe nne Februari hujaligusa katika barua hata moja. Sasa tuko wawili wa damu moja, kaka na dada, tuliougua kitu kimoja. Huna tena pa kuegemea ukuta.

Fanya miadi kesho. Watakuambia ulale ubavu wa kushoto na ukunje magoti. Aibu inapita upesi, nimeijaribu. Usifumbe macho, tazama skrini, kisha chukua kalamu unijibu.

Shangazi yako